Noble Johnson: Mwigizaji aliyeijenga Lincoln kwa mshahara wa Universal

Katika King Kong ya mwaka 1933 kuna mkuu wa kijiji, pande la mtu, amevaa kilemba cha manyoya marefu. Ngoma imepamba moto, watu wake wamejipanga mbele ya ukuta mkubwa, mara anawaona wageni weupe na kamera yao wamejificha pembeni. Anasimamisha kila kitu. Anashuka ngazi taratibu, macho hayabanduki kwa yule mwanamke wa nywele za dhahabu, kisha anatoa bei: wanawake sita wa kijijini kwa huyo mmoja. Tukio hilo limerudiwa kwenye televisheni za dunia mara zisizohesabika. Fay Wray anajulikana kwa kupiga mayowe mle ndani. Willis O'Brien, aliyemchezesha sokwe, ana wapenzi wake hadi leo. Aliyekuwa chini ya manyoya yale hatajwi.

Anaitwa Noble Johnson. Miaka 17 kabla ya filamu ile kutoka, alikuwa rais wa Lincoln Motion Picture Company, kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani Weusi ili kuwaonyesha watu Weusi wakiwa wahandisi, askari na wakulima wenye mashamba yao. Mtu aliyeanza kwa kujenga jambo la namna hiyo amekumbukwa, pale anapokumbukwa, kama sura ya mshenzi katika kisiwa cha kubuni. Naona hapo kuna dhuluma, na naona pia kuna somo la biashara ya filamu ambalo wachambuzi wengi wanalipita haraka kwa sababu wanashughulika na maswali ya hadhi na aibu tu. Habari ya Noble Johnson ni habari ya umiliki: nani ana haki ya kuitumia sura ya mwigizaji, na nani anaweza kumnyang'anya.

Alizaliwa tarehe 18 Aprili 1881 huko Marshall, Missouri, na akakulia Colorado Springs, ambako baba yake alifundisha farasi wa mashindano. Shule aliiacha mapema akafuata farasi. Ujuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa sinema: kampuni ya Lubin ya Philadelphia ilipokuwa ikipiga filamu Colorado, mwigizaji mmoja aliumia, akatafutwa mtu wa haraka anayeweza kumudu farasi. Noble alikuwa na zaidi ya futi 6, kifua kipana, na hakuwa mwoga. Wakampa nafasi ya Mhindi Mwekundu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mbele ya kamera, alikuwa anaigiza taifa lisilo lake.

Ili kuelewa kwa nini iliwezekana, inabidi kujua kidogo kuhusu mkanda wa filamu wa wakati ule. Mikanda ya miaka ya 1910 iliona vizuri mwanga wa bluu lakini haikuona wekundu. Midomo ilitoka myeusi, mashavu mekundu yalitoka kama yana uchafu, na macho ya bluu yalikaribia kupotea kabisa. Ndiyo maana waigizaji wote, weupe kwa weusi, walijipaka rangi nzito usoni kabla ya kupigwa picha. Ngozi ya mtu kwenye kioo cha sinema ilitengenezwa na rangi na taa. Noble alikuwa na ngozi ya maji ya kunde na mifupa ya uso iliyokaa vizuri. Akipakwa hivi anakuwa Mwarabu, akipakwa vile anakuwa Mhindi wa Delhi, Mmeksiko, Mnubi au mtu wa visiwa vya Pasifiki. Studio zilipogundua hilo hazikumwacha. Alicheza filamu zaidi ya 140 hadi mwaka 1950.

Lakini tusiruke. Februari 1915, mwongozaji D. W. Griffith alizindua The Birth of a Nation huko Los Angeles. Filamu ile iliwafanya wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kuwa mashujaa, na watu Weusi wakawa wanyama wa kuwindwa, wengi wao wakiigizwa na wazungu waliojipaka masizi. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, kiliandamana, kikaenda mahakamani, kikataka ipigwe marufuku. Filamu ikaendelea kuingiza fedha. Ndugu wawili wa familia ya Johnson, Noble na mdogo wake George, wakachukua njia nyingine: wakaamua kutengeneza picha zao.

Lincoln ilianza mwaka 1916. Noble alikuwa rais na mhusika mkuu. Pamoja naye walikuwa mwigizaji Clarence Brooks, daktari aitwaye James T. Smith, na mpiga picha mzungu, Harry Gant. George aliishi Omaha, Nebraska, akiwa mfanyakazi wa posta, na bila kuacha ajira yake akawa ndiye injini ya usambazaji. Mtaji mkubwa wa kuanzia ulitoka mfukoni mwa Noble. Wakati huo alikuwa analipwa na studio ya Universal kwa kucheza nafasi ndogo katika filamu za mfululizo, zile za wiki hadi wiki ambazo shujaa anaachwa akining'inia ukingoni mwa jabali. Fedha ya kucheza Mhindi Mwekundu anayepigwa risasi na mzungu ikawa inanunua mkanda wa kumpiga picha Mmarekani Mweusi anayejenga maisha yake. Kila ninaposoma habari za kampuni hii narudi kwenye hesabu hiyo, maana inajibu swali la kwa nini mtu mwenye akili timamu alikubali nafasi zile.

Filamu ya kwanza, The Realization of a Negro's Ambition, ilikuwa ya mikanda miwili, yaani haifiki hata nusu saa. James Burton, kijana aliyehitimu uhandisi Tuskegee, chuo cha Wamarekani Weusi, anaaga wazazi shambani na kwenda California kutafuta kazi katika visima vya mafuta. Anakataliwa kwa rangi yake. Akiwa anaondoka, farasi wa gari la binti wa tajiri wanashtuka na kukimbia ovyo. Burton anawadhibiti na kumwokoa binti. Baba mtu anampa kazi. Akiwa kazini anagundua kwamba udongo wa pale unafanana na udongo wa shamba la baba yake. Anarudi nyumbani, anachimba, anapata mafuta.

Kwa macho ya leo ni hadithi nyepesi. Kwa mwaka 1916 ilikuwa na uzito mkubwa. Mtazamaji Mweusi wa Chicago au New Orleans alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti cha sinema akamwona mtu wa rangi yake akisoma ardhi kitaalamu, akimiliki shamba, akioa mchumba aliyemwacha kijijini, bila ya mtu yeyote kumcheka. Na angalia kitendo kinachogeuza hadithi: kuwatuliza farasi waliopagawa. Noble aliandikiwa kile alichokiweza kwelikweli, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Universal ilitumia umbo lake. Lincoln ilitumia ujuzi wake.

Ikafuata The Trooper of Company K, kuhusu kikosi cha 10 cha askari farasi Weusi na mapigano ya Carrizal, Meksiko, ya Juni 1916, tukio ambalo lilikuwa bado habari mbichi kwenye magazeti. Kisha The Law of Nature mwaka 1917. Filamu tatu ndani ya muda mfupi, zote Noble akiwa mbele.

Usambazaji ulikuwa kazi ya jasho. Nakala zilikuwa chache, zikisafirishwa kwa treni kutoka mji mmoja hadi mwingine. Majumba ya sinema yaliyowapokea Weusi kwa heshima yalikuwa machache pia, kwa hiyo filamu zilionyeshwa makanisani na mashuleni. George alijenga mtandao wa waandishi wa magazeti ya Weusi waliokuwa mawakala wake mijini. Tony Langston wa Chicago Defender alikuwa mmoja wao. Mwandishi huyo huyo aliyeandika sifa za filamu gazetini ndiye aliyezungumza na wenye majumba kuhusu kuipangia siku. Tunaweza kunyanyua nyusi kuhusu maadili ya uandishi, lakini bila mpango ule hakuna mtu angeziona.

Tatizo lilikuja kwa sababu ya mafanikio. Majumba ya mitaa ya Weusi yalikuwa yanaonyesha pia filamu za mfululizo za Universal, na wenye majumba walijua wateja wao wanamfuata nani. Kwenye mabango walimtangaza Noble Johnson kwa herufi kubwa, hata pale ambapo ndani ya filamu alikuwa anaonekana kwa dakika chache tu. Sasa ikatokea kwamba jumba moja lina filamu ya Universal yenye Noble kama adui wa shujaa, na jumba la jirani lina filamu ya Lincoln yenye Noble kama shujaa mwenyewe. Unadhani watu walikwenda wapi? Wenye majumba wakalalamika Universal. Universal ikamwita Noble na kumpa sharti: aache kuigiza kwa ajili ya Lincoln, na Lincoln isitumie jina wala picha yake kutangaza kazi mpya.

Mwaka 1918 Noble akajiuzulu. Akabaki Universal.

Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hukumu ya haraka iko tayari mdomoni: alisaliti. Siikubali. Lincoln haikuwa inamlipa mshahara wa kuishi. Yeye ndiye alikuwa anailipa. Angeacha Universal, kampuni ingepoteza nyota na chanzo cha fedha kwa siku moja. Akiacha Lincoln, kampuni inapoteza nyota lakini ndugu yake na wenzake wanaweza kuendelea kutafuta njia. Kati ya mabaya mawili, alichagua lile lililomwachia angalau mtu mmoja katika familia akiwa na mshahara wa sinema. Na vuli ya mwaka huohuo homa ya mafua ikafunga majumba ya sinema katika miji mingi ya Marekani. Asingekuwa na ajira wakati ule, angekula nini?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema haikuwa na gharama. Ilikuwa nayo, na ilikuwa kubwa. Lincoln ilimweka Clarence Brooks mahali pake, ikatoa A Man's Duty mwaka 1919 na By Right of Birth mwaka 1921, iliyozinduliwa Los Angeles mbele ya umati. Zilikuwa kazi za heshima. Kasi ya mwanzo haikurudi, na kufikia mwaka 1923 kampuni ilikuwa imekwisha. Noble kwa upande wake aliishi miaka 30 na zaidi ya kazi bila kupewa tena nafasi ya mtu kama James Burton.

Angalia jinsi Universal ilivyoshinda. Haikutengeneza filamu bora za watu Weusi. Haikununua hisa za Lincoln. Haikuhitaji hata kumfukuza mtu. Ilikuwa na mkataba wa mwigizaji na ilikuwa na majumba yanayoitegemea kwa filamu za kila wiki. Vitu hivyo viwili vilitosha kuondoa sokoni sura iliyokuwa inaleta watu. Kipaji kilikuwepo, wateja walikuwepo, hadithi zilikuwepo. Historia nyingi za sinema ya Weusi zinasema Lincoln ilikufa kwa kukosa fedha. Ni kweli kwa juu juu. Fedha ilikosekana baada ya nyota kuchukuliwa.

Mtu aliyejifunza kwa haraka zaidi kutoka kwenye habari hii alikuwa Oscar Micheaux. Mwaka 1918 George Johnson alimwandikia barua akitaka kununua haki za riwaya yake, The Homesteader. Micheaux alitaka awepo mwenyewe katika utengenezaji, hawakuelewana, akaenda kuitengeneza peke yake na kuitoa mwaka 1919. Leo Micheaux anaitwa baba wa sinema ya Weusi Marekani, na anastahili heshima kwa wingi wa kazi zake. Ila wazo la kuiweka riwaya ile kwenye kioo cha sinema lilipitia mezani kwa George Johnson, na njia za kuuza filamu za namna ile zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na Lincoln. Historia inayoanzia 1919 inawakata ndugu wawili bila sababu.

Baada ya 1918, orodha ya nafasi za Noble inasomeka kama ramani ya mataifa iliyochorwa na mtu asiyewahi kusafiri. Katika The Four Horsemen of the Apocalypse ya mwaka 1921, filamu iliyomfanya Rudolph Valentino kuwa nyota, alikuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wa maangamizi. Mwaka 1924 alikuwa mkuu wa wala watu katika The Navigator ya Buster Keaton. Mwaka 1930 alikuwa Queequeg, mpiga chusa, pamoja na John Barrymore katika Moby Dick. Mwaka 1932 alikuwa Mnubi, mtumishi anayetawaliwa na nguvu za Boris Karloff katika The Mummy; na mwaka huohuo, katika The Most Dangerous Game, alipakwa rangi nyeupe akawa Ivan, Mrusi wa Kikosaki. Sehemu ya seti ya msitu wa filamu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotumika pia kwenye King Kong. Kwa maneno mengine, ndani ya muda mfupi, kwenye miti ileile ya bandia ya studio ya RKO, Noble alikuwa mzungu wa Urusi na mkuu wa kijiji cha kisiwa kinachodaiwa kuwa magharibi ya Sumatra, kisiwa ambacho wakazi wake walikuwa Wamarekani Weusi wa Los Angeles waliovalishwa manyasi.

Nafasi yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Mwana wa Mfalme wa India katika The Thief of Bagdad, 1924, filamu ya Douglas Fairbanks. Binti wa Khalifa ana wachumba watatu wa kifalme. Yule wa Mongolia anaigizwa na Mjapani, Sojin. Yule wa Uajemi, mnene mwenye masharubu, anaigizwa na mwanamke wa Kifaransa, Mathilde Comont. Noble ni wa tatu. Anapokwenda Kandahar kutafuta zawadi ya ajabu, anamtuma mtu apande sanamu kubwa na kung'oa jicho lake la kioo. Yule mtu anaanguka na kufa. Mtazame Noble wakati huo: hashtuki, hata hageuki kumtazama marehemu, amekwisha kulielekeza jicho lake kwenye kito. Mwili mzima umetulia, kichwa kimeinuliwa kidogo, kiburi cha mtu aliyezaliwa akihudumiwa. Wenzake wengi wa sinema bubu wangetupa mikono na kukodoa macho. Yeye alijua kwamba mtu mwenye mwili mkubwa anatisha zaidi akitulia.

Na hapo namleta Lon Chaney, kwa sababu hakuna njia ya kumpima Noble kwa haki bila yeye. Wote wawili ni vijana wa Colorado Springs, walisoma pamoja, na wote wawili walijipatia riziki kwa kubadili sura. Chaney akaitwa mtu wa nyuso elfu moja. Alikuwa kibiongo wa Notre Dame mwaka 1923 na mzimu wa jumba la opera mwaka 1925, zote za Universal, studio ileile. Akajipaka akawa Mchina katika Mr. Wu ya mwaka 1927. Mwaka 1928 akacheza West of Zanzibar, filamu ya MGM inayotumia jina la visiwa vyetu kama alama ya uovu na joto, ikiwa imetengenezwa California. Chaney alikuwa msanii mkubwa kwelikweli, na simpunguzii kitu. Ninachouliza ni kwa nini uso wa mzungu uliobadilishwa uliuzwa kama kipaji, ukawekwa kwenye bango na kuandikiwa makala, wakati uso wa Noble uliobadilishwa mara nyingi zaidi ulichukuliwa kama kifaa cha stoo. Chaney alikuwa na sanduku lake la rangi na watu walitaka kujua yaliyomo. Noble walimwita walipohitaji mtu mweusi kidogo, au mweusi sana, au si mweusi hata kidogo.

Ilipokuja sauti, mambo hayakuboreka. Nafasi nyingi alizopewa zilikuwa za kunyamaza, au za kusema lugha zilizobuniwa na waandishi wa Hollywood. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 68, alikuwa Red Shirt, kiongozi wa wapiganaji katika She Wore a Yellow Ribbon ya mwongozaji John Ford. John Wayne anapoingia kambini kwa farasi, Noble anampiga mshale unaokita mbele ya miguu yake. Sekunde chache tu, lakini ile hali ya kutulia ya Kandahar ipo palepale, miaka 25 baadaye. Mwaka uliofuata akaacha filamu. Alifariki Januari 1978 huko Yucaipa, California, akiwa na miaka 96.

Kuhusu kazi za Lincoln zenyewe, kilichobaki ni kidogo mno: kipande cha dakika kama 4 cha By Right of Birth. Filamu zote tatu za Noble zimepotea, kama zilivyopotea filamu nyingi za zama zile ambazo hakuna aliyefikiri zina thamani ya kutunzwa. Tunajua tunachokijua kwa sababu George, yule mfanyakazi wa posta, hakutupa karatasi. Barua, matangazo, picha, vipande vya magazeti, vyote vilihifadhiwa na sasa viko Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika mkusanyo unaobeba jina lake. Watafiti wanaoandika juu ya miaka ile wanalazimika kupita kwenye masanduku ya George.

Na kuna Clarence Brooks. Mwaka 1931 John Ford alimpa, katika filamu ya Arrowsmith, nafasi ya Dokta Marchand, daktari Mweusi wa visiwa vya Karibi aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, anayepambana na tauni bega kwa bega na daktari mzungu anayeigizwa na Ronald Colman. Marchand hachekeshi, hatetemeki, hazungumzi kama mtoto. Anasema kitaalamu na anasikilizwa. Kwa Hollywood ya mwaka ule nafasi hiyo ilikuwa karibu muujiza, na aliyepewa alikuwa mtu ambaye heshima hiyo ya mbele ya kamera aliizoea Lincoln, kwenye kampuni iliyoanza kwa mshahara wa mwenzake. Wanaoisifu Arrowsmith kwa uthubutu wake wanamtaja Ford na mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo. Ningependa waanze kumtaja na Noble Johnson.